Jino moja la mbele, magego mawili, na harusi baada ya miezi minne

Swali: "Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ninaishi Usa River, nina miaka 61 na huu ni mwaka wa nane natumia vidonge vya kisukari. Mwaka jana nilianguka na bodaboda, jino langu moja la mbele la juu likavunjika. Magego mawili ya chini upande wa kulia yaling'olewa zamani kwa kuoza. Meno yaliyobaki ni ya kahawia, kama ya wengi wetu huku. Kitinda mimba wangu anaolewa baada ya miezi minne, na sitaki kujifunika mdomo kwa kanga kwenye picha. Kijana mmoja sokoni ameniahidi kunibandikia jino la kudumu kwa nusu saa. Jirani ananishauri nipandikizwe jino. Nichague lipi? Jino jipya liwe jeupe au lifanane na yangu? Na je, nikibadilisha maji ya kunywa, meno yatatakata?"

Jibu:

Mwalimu, shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonisimamisha si harusi wala kijana wa sokoni, bali vitenzi ulivyovitumia. Kuhusu jino la mbele umeandika kwamba "likavunjika", na kuhusu magego ukaandika kwamba "yaling'olewa". Kama mwalimu wa Kiswahili amechagua maneno hayo kwa kukusudia, basi jibu langu linabadilika kwa kiasi kikubwa, kwa sababu jino lililovunjika mara nyingi huacha mzizi wake ndani ya mfupa, na mtu ambaye mzizi wake bado upo hana pengo hasa. Ana jino lililokatika kichwa. Kwenye kioo hali hizo mbili zinafanana, lakini kwenye matibabu zinatofautiana kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua lolote unahitaji picha ndogo ya eksirei ya sehemu hiyo, ambayo ni kazi ya dakika chache. Picha ikionyesha mzizi mrefu usio na ufa, na ikiwa bado kuna kipande cha jino kigumu kinachochomoza juu ya ufizi kwa milimita 2 hivi kuuzunguka mzizi wote, daktari anaweza kuusafisha mfereji wa ndani, kuuziba, kusimika kijiti ndani yake na kuweka kofia ya jino juu. Kwa kuwa mzizi huo umekaa wazi kwa muda mrefu, yumkini vijidudu vimekwisha kuingia kwenye mfereji, na huenda umewahi kuona kijipu kidogo kwenye ufizi kinachojitokeza na kupotea chenyewe. Hilo peke yake si sababu ya kuung'oa. Kinachoumaliza mzizi ni ufa unaoteremka kwa urefu wake, au uozo uliozama chini ya ufizi kiasi kwamba kofia haina pa kushika.

Ninalisisitiza hili kwa sababu nimewapokea watu wengi walioambiwa "tuondoe kwanza hicho kisiki", ilhali kisiki ndicho kilichokuwa mtaji wao. Mfupa wa taya hudumu mahali pake maadamu kuna mzizi wa kuushughulisha. Mzizi ukiondoka, mfupa husinyaa, na sehemu kubwa ya kusinyaa huko hutokea ndani ya mwaka wa kwanza, hasa upande wa nje, nyuma ya mdomo wa juu, ambako ukuta wa mfupa wa meno ya mbele ni mwembamba tangu kuumbwa. Ndiyo maana mtu aliyeng'olewa jino la mbele huona baada ya muda kijibonde juu ya pengo, na jino lolote la bandia litakalowekwa hapo huonekana refu kuliko wenzake.

Sasa nije kwa kijana wa sokoni. Kwa jinsi ninavyoyaona matokeo ya kazi za aina hiyo, yeye huchanganya unga na maji ya akriliki, yaani plastiki ngumu, huushikiza mchanganyiko huo na jino la plastiki katikati ya meno mawili ya jirani, pengine kwa kuzungushia waya, kisha husubiri ugande ukiwa kinywani mwako. Akriliki ya namna hiyo hutoa joto inapoganda, na majimaji yake yanachoma ufizi. Lakini madhara makubwa huja baadaye: kitu hicho kimekaa juu ya ufizi bila nafasi ya kupitisha mswaki wala uzi, ukoga unajikusanya chini yake usiku na mchana, na meno mawili yaliyobebeshwa mzigo huo huanza kulegea au kuoza pembeni. Nimewahi kukata plastiki ya namna hiyo kwa mashine kwa karibu saa nzima, na ilipotoka ilitoka na jino la jirani. Neno "kudumu" katika biashara ile lina maana moja tu, kwamba wewe mwenyewe huwezi kulitoa. Kwa mtu mwenye kisukari, ambaye fizi zake hupambana na maambukizi kwa shida, ninalikataza bila kumung'unya maneno.

Kisukari chenyewe kinatuingiza kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nami ninaliona la kwanza katika mpangilio wa kazi. Kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana: sukari iliyopanda huudhoofisha ufizi, na fizi zilizovimba kwa muda mrefu huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Uombe kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, si kile cha kuchoma kidole asubuhi peke yake. Mimi nikiona asilimia 7 au pungufu ninaendelea na kazi kama kawaida. Ikizidi 8, ninafanya yale madogo ya kutuliza maumivu na kusafisha, kisha ninamrudisha mgonjwa kwa daktari wake wa kisukari kabla ya kugusa upasuaji wowote. Wakati huohuo meno yako yakwanguliwe ugaga, yaani ukoga uliogandamana na kuwa mgumu, hata kule chini ya ufizi ambako mswaki haufiki. Ukiona damu kila unapopiga mswaki, usiache kupiga mswaki kwa kuogopa. Damu hiyo inatoka kwa sababu ya ukoga uliobaki, nayo hupungua ukoga unapoondolewa. Daktari wa meno umtajie pia dawa zote unazotumia, hasa kama zipo za kuzuia damu kuganda au za kuimarisha mifupa, na usisimamishe hata moja kwa uamuzi wako mwenyewe.

Tuseme picha imeonyesha kwamba mzizi haupo au haufai. Hapo ndipo tunabaki na njia tatu unazozisikia zikitajwa, na kwa kuwa una miezi minne, mimi ningekuanzishia ile ambayo watu huidharau: jino la kuvaa na kuvua, lililoshikizwa kwenye bamba dogo la akriliki linalolala kwenye kaakaa. Halikati jino lolote la jirani, linatengenezwa ndani ya wiki chache, linaweza kurekebishwa ufizi ukibadilika, na halifungi mlango wa njia nyingine yoyote baadaye. Udhaifu wake ni kwamba linakaa juu ya ufizi na kuutegemea, linacheza kidogo, na siku za mwanzo litakuharibia sauti za "s" na "f". Kwa mwalimu dawa yake ni rahisi: soma gazeti kwa sauti dakika 15 kila jioni, na ndani ya wiki moja au mbili ulimi utakuwa umezoea. Kuna bamba la chuma chepesi pia, ambalo ni jembamba zaidi na hushikwa na meno badala ya kuulalia ufizi, lakini kwa jino moja la mbele sioni sababu ya kuanza nalo.

Daraja ni jino la bandia lililoungwa na kofia zinazovishwa meno ya pembeni. Ni zuri kwa macho, halitoki, na likitunzwa vizuri linaweza kudumu miaka 10 hadi 15. Gharama yake ambayo haiandikwi kwenye risiti ni kwamba meno mawili yasiyo na kosa lolote yanachongwa yawe vijiti ili kulibeba jino lisilokuwepo. Ikiwa majirani wa pengo lako wana viraka vikubwa au wamemeguka katika ajali ileile, daraja lina maana, kwani kofia hizo walizihitaji hata hivyo. Ikiwa ni wazima, mimi hulikwepa. Lipo daraja jingine la kubandikwa kwa bawa moja nyuma ya jino la jirani, lisilochonga karibu chochote, nalo kwa meno ya mbele limeonyesha kudumu vizuri, hata kuliko lile la mabawa mawili. Kwa watu wa huku Meru, hata hivyo, lina mtego wake: gundi yake inategemea enameli ngumu, yaani tabaka la nje la jino, na enameli iliyoathiriwa sana na floridi, madini yaliyomo katika maji na ndiyo chanzo cha ile kahawia, haishikiki vizuri. Daktari lazima alichunguze jino lako kabla ya kukuahidi.

Kipandikizi ni skrubu ya titaniamu inayosimikwa ndani ya mfupa, kisha kofia hufungwa juu yake. Msingi wake aliugundua mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alipoona katika miaka ya 1950 kwamba mfupa wa sungura ulikuwa umeshikana na titaniamu kiasi cha kutotenganishika. Mgonjwa wake wa kwanza alitibiwa mwaka 1965. Kipandikizi hakigusi meno ya jirani, na kisukari kilichodhibitiwa hakikizuii, ingawa kisukari kilichoachiliwa na sigara huongeza nafasi ya kukipoteza. Jirani yako hakukushauri vibaya, amekosea kalenda tu: mfupa huhitaji miezi kadhaa kukishika, kwa desturi mitatu hadi sita, na kama umekwisha kusinyaa utahitaji kuongezwa kwanza. Kwa harusi yako muda hautoshi, na anayekuhakikishia kwamba utatosha kabla ya kukupiga picha ya mfupa anakuuzia haraka. Ukikitaka baada ya harusi, uulize mapema ni nani atakayekihudumia miaka mitano ijayo, na kama skrubu na vifaa vya aina hiyo vinapatikana hapa nchini, kwa maana kipandikizi hakiozi lakini ufizi na mfupa unaokizunguka huugua kama wa jino la kawaida.

Kuhusu magego mawili, huenda jibu langu likakushangaza: pengine usifanye lolote. Mtaalamu wa Uholanzi, Arnd Käyser, alionyesha kuanzia miaka ya 1980 kwamba mtu mzima anaweza kutafuna na kuishi vizuri bila magego yote ya nyuma, na wazo hilo limepimwa hapa kwetu pia. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba watu wenye magego madogo kamili na walau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana hutafuna vya kutosha. Ukila ndizi nyama na makande bila taabu, hasa kwa upande wa kushoto, pengo hilo si deni. Ninachotaka kiangaliwe ni gego la juu linalolielekea: jino lisilo na mwenzake wa kugongana naye hushuka taratibu, na yale ya pembeni mwa pengo huinamia ndani, pakawa na vichochoro vya kunasia chakula. Kama magego yaling'olewa miaka mingi iliyopita na hali imekwisha kutulia, liacheni hivyo. Kama gego la juu linaendelea kushuka au linauuma ufizi wa chini, hapo bamba la kuvaa la taya la chini linaweza kufikiriwa.

Sasa rangi, swali ambalo mwenzangu wa Dar es Salaam asingeulizwa mara nyingi kama mimi. Doa la kahawia halikutokana na uchafu, na kwa hakika si floridi yenyewe inayoonekana. Floridi nyingi katika maji ya utotoni huifanya enameli iumbike ikiwa na vinyweleo. Jino huchomoza likiwa na weupe wa chaki, na ile kahawia hufyonzwa baadaye, kadiri miaka inavyokwenda. Kwa kuwa doa liko zaidi juu juu, linaweza kupunguzwa kwa kusugua tabaka jembamba la juu kwa dawa maalumu ya asidi, au kwa dawa ya kung'arisha, au kwa yote mawili. Haliishi kabisa kwa kila mtu, na meno yaliyomeguka vishimo huhitaji kuzibwa kwa nyenzo ya rangi ya jino. Msisugue kwa mkaa wala magadi nyumbani. Mnaondoa enameli, doa linabaki.

Maana yake kwako ni ya utaratibu: jino la bandia halibadiliki rangi kwa dawa ya kung'arisha. Ukitaka kuyang'arisha mengine, fanya hivyo kwanza, subiri wiki mbili rangi itulie, ndipo fundi sanifu wa meno achukue rangi ya jino jipya. Ukipindua mpangilio huo utakuwa na jino moja lisiloafikiana na wenzake, na utalipa mara mbili. Ukiamua kuyaacha yalivyo, na wengi wa rika lako huamua hivyo bila majuto, basi jino jipya lifanane nayo pamoja na doa lake. Kipimo cha rangi cha kampuni ya VITA kinachotumika sana kina vijino 16, na hakuna hata kimoja chenye mistari ya kahawia ya Arumeru, hivyo mwombe daktari apige picha ya meno yako kwenye mwanga wa mchana na aitume kwa fundi, ili doa lichorwe kwa mkono. Fundi mzuri hulichora vizuri ajabu. Jino jeupe pee katikati ya meno ya kahawia ndilo litakalotazamwa kwenye kila picha ya harusi, na nimeona mama mmoja akirudisha lake ndani ya siku tatu.

Kubadilisha maji hakutayatakasa meno yako, kwa sababu enameli yake ilikamilika ukiwa mtoto na haiumbiki upya. Wanaofaidika ni wajukuu walio chini ya miaka 8 hivi, ambao meno yao ya kudumu bado yanajengwa. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Kunaikoleza, kwa kuwa maji hupungua na floridi inabaki. Maji ya mvua yana floridi kidogo sana, na mkaa wa mifupa unaichuja, kazi ambayo imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo kilichoko Ngurdoto, jirani yako kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Magadi ya kulainishia makande nayo huongeza floridi, kwa hiyo chungu cha watoto kisitiwe magadi. Wewe mwenyewe, tafadhali, usiikimbie dawa ya meno yenye floridi kama wengi wanavyofanya huku wakidhani ndiyo iliyowaharibu. Kwa mtu mzima mwenye mizizi iliyoanza kuchungulia, na ambaye kisukari humkausha mate, ndiyo kinga yake kubwa. Piga mswaki mara mbili kwa siku, tema, usisukutue kwa maji mengi.

Jino la kuvaa lina masharti machache nayo hayana mjadala. Livue usiku na uliweke kwenye bilauri ya maji safi, kwa sababu bamba lisilovuliwa huzalisha fangasi kwenye kaakaa, na mwenye kisukari hupata fangasi hizo upesi zaidi. Lioshe kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida juu ya beseni lenye maji, ili likiponyoka lisipasuke. Maji ya moto hulipinda, dawa ya meno hulikwaruza, na likivunjika lipeleke kwa fundi; gundi ya dukani italiharibu pasiweze kurekebishika. Usilitumie kung'atia mahindi ya kuchoma wala muwa. Nyama ya harusini ikatwe vipande, itafunwe nyuma.

Kliniki za meno zipo katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru kwa upande wa Arusha, na hospitali ya KCMC kwa upande wa Moshi, nawe uko kwenye barabara inayoziunganisha. Wiki hii nenda kwa picha na kipimo cha sukari. Mwezi wa kwanza uwe wa fizi, na wa pili uwe wa rangi, ikiwa umeamua kung'arisha. Mwezi wa tatu uwe wa kofia au wa jino la kuvaa, ili wa nne ubaki kwa marekebisho ya pale linapochubua, maana karibu kila bamba jipya huchubua mahali fulani na hurekebishwa kwa dakika tano.

Siku ya kwanza ubebe picha yako ya zamani ambayo umecheka hadi meno yanaonekana, hata kama ni ya chuo cha ualimu. Fundi ataitumia kupata umbo na urefu wa jino, na mimi ningeitazama kwa jambo moja zaidi: kama ulikuwa na mwanya. Kofia ya jino moja, jino la kuvaa na kipandikizi huweza kuuacha mwanya ulivyokuwa. Daraja la kofia mbili huuziba. Kama ulikuwa nao na unaupenda, mwambie daktari kabla hajachukua vipimo.